Mishale ya mafuta na hiti inapanda ukiwasha taa: usinunue dashibodi bado

Mkuu, umesema ukiwasha taa usiku mshale wa mafuta na wa hiti, yaani joto la injini, kwenye gari lako yote inapanda, ukizizima inashuka, na fundi kakwambia ubadilishe dashibodi nzima. Shika hela yako kwanza. Mimi niliambiwa hivyohivyo hapa Tabora, nikaagiza dashibodi ya mtumba kutoka Dar, ikaja kwa basi, tukafunga, mchezo ukawa uleule. Mpaka leo iko chini ya kitanda, na mama watoto hunikumbusha kila akifagia.

Nilichokosa kuwaza ni kwamba boya la mafuta, lile linaloelea kupima kiasi, liko ndani ya tenki huko nyuma, sensa ya hiti iko kwenye injini. Vitu viwili vilivyo mbali hivyo kuharibika siku moja ni nadra. Mishale ikikosea pamoja, angalia kile inachochangia, na cha kwanza ni waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari na hasi ya betri.

Kwangu waya huo ulifungwa bodini chini ya dashibodi, upande wa dereva. Vumbi la njia ya Sikonge pamoja na maji ya kuoshea vimeila bolti mpaka imekuwa ya kahawia. Taa za dashibodi zinarudisha umeme kupitia hapohapo. Kutu ikiubana, geji nazo zinasoma juu kuliko ukweli. Kupima ni rahisi: chukua waya mrefu, ncha moja igusishe kwenye ethi ya dashibodi, nyingine kwenye hasi ya betri, kisha washa taa. Mishale ikitulia, umempata mchawi. Nilikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikapaka grisi juu.

Isipotulia, mshuku regyuleta, kidude kinachoshusha volti za geji kwenye pikapu nyingi za zamani. Lakini kikifa hicho mishale hudanganya hata mchana, kwa hiyo kwako sikipi nafasi kubwa. Ukilazimika kuchomoa dashibodi, toa kwanza hasi ya betri, na kebo ya spidi bonyeza kishikio chake, usivute. Mimi nilivuta.

Usije ukauzoea mshale wa uongo. Nilikuwa nimeshauzoea siku ninarudi na madumu ya asali. Ukapanda, nikasema ni taa tu hizi. Kumbe mpira wa rejeta, unaopitisha maji ya kupoza injini, umepasuka. Gasketi ya silindahedi ikaondoka na faida yote ya asali.

Siku mshale mmoja tu ukigoma, hapo ndipo unapima sensa. Swichi ya kuwashia gari ikiwa imezimwa, chomoa waya wa sensa, uunganishe bodini kupitia balbu ndogo, usiugusishe mkavu bila balbu maana geji inaweza kuungua. Waya wa tenki uupime mbali na mdomo wa tenki, cheche na petroli havitaniani. Washa swichi: mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, mbovu ni sensa. Sensa ya hiti hupata ethi kupitia nyuzi zake za kukazia kwenye injini, kwa hiyo fundi akiizungushia tepu nyingi ya bomba, mshale unalala tu. Ya mafuta, toa boya ulitikise sikioni. Ukisikia mafuta yakicheza ndani, limetoboka, na mshale hautanyanyuka hata ukijaza mpaka shingoni.