Kujiita mwanasaikolojia Uingereza bila usajili

Dada, unauliza kama shahada yako ya uzamili ya saikolojia kutoka Dar es Salaam inatosha kufungua ofisi ya ushauri huko Birmingham. Jibu langu: usichapishe kadi bado.

Tangu 2009 wanasaikolojia wanaohudumia watu Uingereza husajiliwa na baraza la taaluma za afya na huduma, ambalo leo huitwa HCPC. Sheria inalinda vyeo tisa, vikiwemo mwanasaikolojia wa tiba, wa ushauri nasaha, wa elimu, wa afya na wa michezo. Ukijipa kimojawapo bila kusajiliwa, kwa nia ya kuwafanya watu waamini unacho, hilo ni kosa la jinai. Neno "mwanasaikolojia" likisimama peke yake halimo, na ndiyo maana wahadhiri na watafiti hulitumia bila usajili. Watu wengine hujificha kwenye mwanya huo wakapokea wagonjwa. Naomba usiwe mmoja wao. Anayekuja kwako akiwa na msongo hana nguvu za kuchambua vyeo.

Omba usajili HCPC kwa njia ya waliosomea nje. Watapima masomo yako na saa za kazi chini ya msimamizi dhidi ya viwango vya fani uliyochagua. Kwa tiba, wenyeji husomea shahada ya uzamivu ya kitaaluma, kwa hiyo uzamili pekee huenda ukapwaya. Kusanya mitaala na barua za wasimamizi mapema, kabla hawajastaafu.

Wakati unasubiri, tafuta kazi ya msaidizi wa mwanasaikolojia. Haihitaji usajili, mradi usimamiwe na aliyesajiliwa.