Chai ya kijani: faida yake inategemea unavyoiandaa na unapoinywa

Ukiyaamini matangazo, chai ya kijani inatibu kila kitu, kuanzia kitambi hadi saratani. Haitibu. Faida yake ni ndogo, ila ipo, na wengi huikosa kwa kuiandaa vibaya au kuinywa saa isiyofaa.

Majani yake hutoka kwenye mmea uleule wa chai ya kawaida. Tofauti ni kwamba yakishachumwa hupitishwa haraka kwenye mvuke au hukaangwa makavu ili yasigeuke meusi. Hivyo hubaki na katekini nyingi, kemikali ambazo ndizo zinazoipa chai hii sifa zake, na uchungu wake pia.

Kilichothibitika zaidi ni kwamba hushusha kolesteroli mbaya, yaani LDL, kwa kiasi kidogo. Utafiti wa eneo la Ohsaki nchini Japani, uliochapishwa 2006, ulifuatilia watu wazima zaidi ya 40,000. Waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walikuwa na vifo vichache vya maradhi ya moyo na mishipa kuliko waliokunywa chini ya kimoja. Hata hivyo, kufuatilia watu hakuthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowakinga. Kuhusu uzito, usijidanganye: mabadiliko kwenye mizani ni madogo mno. Ukiacha soda ukanywa chai isiyo na sukari, kinachokupunguza ni ile sukari uliyoiacha.

Sasa jikoni. Kosa kubwa ni kumwagia majani maji yanayotokota, au mbaya zaidi, kuyachemsha sufuriani. Maji ya moto kupita kiasi hukamua uchungu wote kwa pamoja, kinywa kinakakamaa, na mtu anaishia kutia vijiko vitatu vya sukari ili inywike. Unahitaji nyuzi 70 hadi 80. Kama huna kipimajoto, changanya sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya kawaida, utafika karibu nyuzi 80. Weka gramu 2 za majani, kama kijiko kimoja cha chai, kwa mililita 200 za maji. Funika dakika 2 au 3, kisha chuja. Usiyaache majani humo huku ukiendelea kunywa, wala usiukamue mfuko wa chai kwa kijiko. Majani mazuri yanarudiwa mara ya pili. Usiinywe ingali inaunguza: vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 vimewekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio.

Saa ya kunywa nayo ina uzito wake. Katekini hunasa madini ya chuma yatokayo kwenye maharage, dengu na mboga za majani, yakashindwa kufyonzwa. Mwenye upungufu wa damu asiitumie kuteremshia chakula. Aache walau saa moja kabla na baada ya kula. Tumbo tupu nalo halifai kwa wengi, huleta kichefuchefu. Kafeini ni kidogo kuliko ya kahawa, kama miligramu 30 kwa kikombe, lakini inatosha kumnyima usingizi mtu anayeinywa jioni. Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku kutoka vyanzo vyote, chokoleti na soda zikiwemo.

Vidonge vya chai ya kijani ni habari nyingine kabisa. Vimekolezwa, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitahadharisha mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku, katekini kuu ya chai hii, zinaweza kusumbua ini. Mimi sioni sababu ya kuvinunua. Anayevitumia akiona macho ya njano au mkojo mweusi, aviache siku hiyohiyo aende hospitali.

Dawa ya presha iitwayo nadolol hufyonzwa kidogo sana ikikutana na chai hii. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari anakunywa vikombe vingapi, na asiongeze wala kupunguza ghafla.