Ukungu wa Dawa Una Saa Zake

Saba mara nane. Hesabu hiyo ndiyo iliyonitoa machozi Jumanne moja asubuhi, mbele ya kidato cha pili, katika shule ya sekondari hapa Tanga ninapofundisha hisabati. Chaki mkononi, mlinganyo ubaoni, zimebaki hatua mbili, na jibu likagoma kuja. Nilijua kwamba nalijua. Nilikuwa kama mtu anayemwona jirani yake ng'ambo ya barabara na jina lake halimjii mdomoni. Darasa likanyamaza. Msichana wa dawati la mbele akasema kwa upole, "Hamsini na sita, Mwalimu." Nikaandika 56, nikamaliza mfano, nikawapa zoezi, nikaenda kujifungia chooni.

Ilikuwa wiki ya pili tangu nitoke hospitali. Nilikuwa nimelazwa kwa ugonjwa wa baipola, ule unaompandisha mtu juu mpaka anakesha siku nne na bado anajiona ana nguvu, kisha unamtupa chini. Nilirudi nyumbani na dawa tatu: olanzapini miligramu 10 kila usiku, sodiamu valproeti asubuhi na jioni, pamoja na benzheksoli niliyoanzishiwa wodini nilipokuwa nachomwa sindano za haloperidoli. Waliniambia nitanenepa. Waliniambia mikono inaweza kutetemeka. Habari ya kichwa hakuna aliyeigusa.

Uzito huu wa kichwa unaoletwa na dawa mimi nauita ukungu; mtaani watu huuita mawenge. Ila mawenge ya usingizi hutoka ukinawa uso. Haya yangu yalikaa mpaka jua lipande. Neno lilikuwa linafika mdomoni limechelewa, baada ya mazungumzo kupita. Nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada mara tatu. Maharage yaliungua jikoni nami nimekaa hatua nne tu kutoka kwenye jiko. Mama mkwe aliniangalia siku nzima, jioni akamwambia mume wangu, akidhani sisikii: "Baba, hizo dawa zinamfanya mwenzio zezeta."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliogopa mwenyewe. Basi nikaacha dawa. Sikumwambia mtu. Kila usiku nilikitia kidonge kwenye kitambaa na asubuhi nikakitupa. Siku za mwanzo kichwa kilifunguka, na kwa furaha ile nikasahihisha madaftari ya madarasa mawili kwa usiku mmoja. Siku ya kumi na moja sikulala kabisa. Kabla wiki ya tatu haijaisha nilikuwa wodini tena, na mambo niliyoyafanya katika siku zile, ya fedha na ya maneno niliyowaambia watu ninaowapenda, nimeyalipia kwa muda mrefu kuliko ukungu wenyewe ulivyonisumbua.

Nimeyasema haya mapema kwa sababu najua kuna msomaji ambaye kidonge chake cha leo usiku kiko mezani na anakitazama kwa mashaka. Ndugu yangu, usikitupe. Wala usikimeze ukanyamaza, maana kuvumilia kimya kimya ndiko kulikonifikisha pale. Ukungu una tabia, na mwenye kuijua tabia yake ana kitu cha kumpelekea daktari.

Nilipoanza dawa mara ya pili nilinunua daftari dogo. Kila siku niliandika saa niliyomeza, saa niliyolala, saa niliyoamka, na saa kichwa kilipofunguka. Hilo la mwisho lilihitaji kipimo, kwa sababu ukiwa ndani ya ukungu huwezi kuupima kwa kuhisi tu. Kliniki walikuwa wananiambia nianze na mia nitoe saba, nitoe saba tena, niendelee: 93, 86, 79. Nikakichukua kipimo hicho nyumbani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nafika 79 nakwama. Saa tatu nilikuwa nafika 51. Saa nne na robo nilishuka mpaka 2 bila kukosea, kama Mwalimu anavyotakiwa.

Baada ya siku 14 nikaona kwenye karatasi jambo ambalo kichwani sikuliona: ukungu wangu haukuwa wa siku nzima. Ulikuwa na saa zake. Ulikuwa mzito kuanzia kuamka hadi saa nne, ukapungua, ukaondoka, na alasiri nilikuwa mimi yule yule. Nililia tena siku hiyo, safari hii kwa nafuu.

Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akanichorea mstari nyuma ya karatasi ya dawa. Olanzapini ya kumeza, alisema, hufika kileleni katika damu baada ya saa sita hivi. Mimi nilikuwa nameza saa nne usiku, kwa hiyo kilele kiliangukia saa kumi alfajiri, na saa moja baadaye naamka kwenda kazini. Dawa yenyewe hukaa: baada ya takriban saa 30 nusu yake bado iko mwilini, ndiyo maana siku za kwanza inajilundika na mtu anaona kila siku afadhali ya jana. Baadaye mwili huizoea kwa sehemu. Kwangu wiki ya tatu ndiyo iliyoonyesha tofauti. Hakunipunguzia hata miligramu moja siku ile. Alinihamishia saa tu, nimeze saa moja na nusu usiku. Kilele kikahamia saa saba na nusu, wakati nimelala fofofo. Ndani ya siku tano saa yangu ya kufunguka kichwa ilirudi nyuma kutoka saa nne hadi saa mbili na nusu.

Kisha akauliza habari ya benzheksoli. Ile hutolewa kuzuia kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na dawa kama haloperidoli, na ni msaada mkubwa kwa anayeihitaji, lakini yenyewe hupunguza kumbukumbu na kukausha mdomo. Mimi haloperidoli nilikuwa nimeshaiacha zamani. Benzheksoli ilikuwa inaendelea kuandikwa kwa sababu iliandikwa mwezi uliopita. Akaiondoa taratibu. Nenda na dawa zako zote kwenye mfuko, uzimwage mezani kwa daktari, uulize moja moja: hii ni ya nini, na bado naihitaji? Swali hilo si utovu wa adabu.

Kuna kosa moja nataka nilikazie, kwa sababu hapa kwetu kila mtu hulifanya. Nilipata mafua. Nikapita duka la dawa nikanunua Piriton, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Siku mbili sikuweza kuinuka kitandani. Sababu ni kwamba Piriton hukuletea usingizi kwa kuzuia histamini, kemikali inayotuweka macho, kwenye ubongo, na olanzapini nayo huizuia hiyo hiyo. Nilikuwa nimejipa usingizi juu ya usingizi. Amitriptilini nayo ina tabia hiyo, na dawa nyingi za kikohozi zinazolevya pia. Kwa hiyo dukani taja kwanza dawa unazotumia, ndipo utaje mafua. Pombe usiiguse. Na kwa mvuta sigara: moshi hupunguza olanzapini mwilini, hivyo ukiacha sigara ghafla, jambo jema kabisa, dawa ile ile inaweza kukulemea. Mwambie daktari siku unayoacha.

Shangazi yangu aliniletea kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, kutoka kwa shehe wake. Nililinywa kwa heshima na kwa imani, na usiku nikameza kidonge changu. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua. Mizizi ya kuchemsha niliikataa, nikamweleza kwa nini: sijui kilichomo, na valproeti hupita kwenye ini. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Kazini nilimwendea mwalimu wa taaluma, ndiye anayepanga ratiba. Sikumtajia baipola. Nilimwambia, "Natumia dawa zinazonilemea asubuhi, naomba vipindi vyangu vianze baada ya chai ya saa nne kwa muhula huu." Hiyo ilitosha, naye akabadilishana vipindi vyangu na vya mwenzangu wa Kiswahili. Mifano ya ubaoni nikaanza kuikokotoa yote jioni ya kabla, hatua kwa hatua, kwenye daftari la maandalizi, hata ile ambayo nimeifundisha mara mia. Na wanafunzi nikawaita ubaoni zaidi. Nina hakika walijifunza vizuri zaidi mwaka ule, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Nyumbani niliweka miiko ya asubuhi. Kabla ya saa nne situmi pesa kwa simu, baada ya kutuma elfu themanini kwa namba ya mtu nisiyemjua. Sisaini kitu. Siendeshi pikipiki. Chochote kilichoko jikoni kina kengele kwenye simu. Vidonge navigawa Ijumaa kwenye vifuko saba vyenye majina ya siku, kwa sababu ukungu ulinifanya nisahau kama nimemeza, na kumeza mara ya pili kwa wasiwasi ni hatari kuliko kukosa. Kutembea dakika 20 kabla ya jua kuwa kali kulinisaidia kuliko vikombe viwili vya kahawa, na kahawa ya jioni niliiacha kabisa kwani iliniibia usingizi nikaamka na ukungu wa aina mbili.

Kwa mume wangu niliomba jambo moja tu. Alikuwa ananimalizia sentensi, kwa mapenzi, na kila alipofanya hivyo nilijiona natoweka. Nikamwomba asubiri. Sekunde kumi, hata ishirini. Neno huja.

Mwezi wa Ramadhani daktari alinipangia valproeti wakati wa futari na daku, olanzapini baada ya tarawehe, na tukakubaliana kwamba nikikosa usingizi siku mbili nafungua. Anayetumia lithiamu, dawa nyingine ya ugonjwa huu, hali yake ni tofauti: kukaukiwa maji huipandisha lithiamu kwenye damu, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huipandisha pia. Huyo asifunge kabla hajaongea na daktari wake. Na dada zangu ambao bado mnatarajia kuzaa, ulizeni mapema sana juu ya valproeti, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Ulizeni, msiiache wenyewe.

Kuna ukungu usiosubiri daftari. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa, kutapika na kuchanganyikiwa kwa anayetumia valproeti, usingizi ambao watu wanashindwa kukuamsha, kuhara na kuyumba kwa anayetumia lithiamu: hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa kuwa tunaishi na mbu, mwenye homa na kuchanganyikiwa apimwe malaria pia, asiambiwe tu ni dawa zake.

Swali ambalo watu huniuliza faraghani ni hili: nitajuaje kama ni dawa au ni ugonjwa unarudi? Kwangu ukungu wa dawa ulikuwa na saa na ulikuja na kiu na kope nzito, lakini bado nilitamani kupona nifanye kazi. Ukungu wa sonona, yaani wa ugonjwa wenyewe unaponitupa chini, haukuwa na saa, na ndani yake sikutamani kitu, hata sauti za wanangu. Kwako unaweza kuwa tofauti, ndiyo maana nasisitiza uandike. Siku daftari likionyesha kwamba jioni nayo imekuwa nzito, usingoje tarehe ya kadi.

Baada ya miezi saba daktari alinishushia olanzapini hadi miligramu 5, kwa hatua mbili, akinipima. Daftari sasa ni la tatu. Leo asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, nilianza na mia nikiwa napiga mswaki, na nilipofika 2 bado nilikuwa na povu mdomoni.