Kwa nini mabomba ya maji yalitangulizwa kabla ya kituo cha vijana

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini halmashauri ya mji wenu huko Marekani iliombea mabomba ya maji fedha za serikali ya shirikisho, ilhali wakazi wengi walitaka kituo cha vijana.

Kwanza, nafasi ni finyu mno. Bunge la Marekani liliporejesha mwaka 2021 utaratibu wa wabunge kuombea fedha miradi ya majimbo yao ya uchaguzi, uliokuwa umesitishwa kwa takribani miaka 10, liliweka ukomo. Kwa mwaka wa fedha 2024, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi aliruhusiwa maombi 15 tu kwa jimbo lake lote la uchaguzi, ambalo kwa kawaida huwa na watu zaidi ya 700,000. Ndiyo maana madiwani huchuja mpaka wabaki na mradi mmoja au miwili.

Katika kuchuja huko, utayari huwa na uzito kuliko hitaji lenyewe: je, michoro ya mhandisi ipo, ardhi ni ya mji, na mchango wa mji umetengwa? Mradi wa maji wa dola milioni 1 kwa kawaida huutaka mji utoe asilimia 20, yaani dola 200,000. Binafsi jambo hili linaniuma, kwa sababu mtaa maskini usio na fedha za kulipia michoro huachwa nyuma mwaka hata mwaka.

Hata hivyo, mbunge analazimika kuonyesha kwamba jamii inauunga mkono mradi, kwa hiyo barua zenu za shule, misikiti na makanisa ziwafikie madiwani kabla hawajapitisha orodha.