Boehmi ni nani? Watu waliomo kwenye majina ya ndege

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaongoza wageni huku Tabora. Kwenye orodha yangu ya ndege kuna keremkerem anayeitwa Merops boehmi, na kando yake pameandikwa Reichenow, 1882. Siku zote nawaambia wageni kwamba Reichenow ndiye aliyempata ndege huyo huku kwetu. Niko sahihi? Na nitajuaje jina ni la mtu gani?

Jibu: Marahaba. Hapo umewachanganya watu wawili, na kosa hilo nalikuta hata kwa wasomi. Jina la mwisho lenye mwaka ni la aliyemwandika ndege kisayansi na kumpa jina kwa mara ya kwanza. Anton Reichenow alikuwa mtunza mkusanyiko wa ndege wa makumbusho ya Berlin. Anayeheshimiwa yumo kwenye neno la pili: Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege Kakoma, kusini-magharibi mwa Tabora, akafia Katanga mwaka 1884 akiwa na miaka 29. Herufi ö ya Kijerumani imegeuzwa oe, ndiyo maana ukitafuta "Boehm" peke yake hupati mengi.

Mwisho wa neno nao unasema kitu. Kwa kawaida -i ni mwanamume, -ae ni mwanamke: Artisornis moreaui ni Reginald Moreau, mtafiti aliyefanya kazi Amani, kule milima ya Usambara, na Scepomycter winifredae ni mkewe Winifred. Lakini usikimbilie. Hondohondo Tockus ruahae si wa mama yeyote, ni Ruaha yetu.

Ukiona mabano, kama kwa barawai mwenye mkia mfupi, Neafrapus boehmi (Schalow, 1882), ujue ndege huyo amehamishiwa jenasi nyingine, yaani kundi linalotajwa na neno la kwanza la jina, tangu alipoandikwa.

Mtego ninaouogopa zaidi uko kwa chiriku. Crithagra reichardi na Crithagra reichenowi, ukisoma haraka utadhani ni mtu mmoja. Huyu wa kwanza ni Paul Reichard, mwenzake Böhm katika msafara uleule, na aliyempa jina hilo ni Reichenow, mwaka 1882. Wa pili ni Reichenow mwenyewe, safari hii akiheshimiwa na mtaalamu mwingine wa ndege, Salvadori, mwaka 1888. Kwa hiyo Reichenow anatokea pande zote mbili, mtoa jina na mpewa jina. Kufanana kwa maandishi kusikutoshe, linganisha mwaka, mahali na aliyeandika.

Ushahidi wenyewe uko kwenye maelezo ya kwanza ya ndege. Majarida mengi ya zamani yanasomwa bure intanetini, kwenye maktaba ya Biodiversity Heritage Library. Kijerumani kisikutishe. Andika jina la ndege, fungua ukurasa wa mwaka husika, kisha tafuta jina la mahali na la mkusanyaji. Ukikutana na neno Kakoma katikati ya aya ya Kijerumani, utafurahi kama nilivyofurahi mimi.

Wageni waambie hivi: Böhm alikusanya, Reichenow akatoa jina. Halafu waoneshe Kakoma iko upande gani.