Uliza Ujibiwe: Nimepima mara tatu nimepata namba tatu, niandike ipi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi maabara, nina kama mwaka mmoja tu kazini. Nimepewa toluini, kile kiyeyushi cha kimiminika, nipime kiwango cha mchemko tujaze kwenye karatasi ya usalama. Natumia ile njia ya tyubu ndogo ya sampuli inayotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na ndani yake kapilari, yaani kijibomba chembamba cha kioo kilichozibwa juu, mdomo ukiwa chini. Nimepata nyuzi 104.1, halafu 104.7, halafu mara ya tatu nilikuwa na haraka nikaongeza moto nikapata 108, na vitabu vyote vinasema 110.6. Maabara yetu iko sehemu ya mwinuko, baromita inasoma kilopaskali 85. Bosi anasema themometa mbovu, niandike tu ya kitabuni yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu, na hongera kwa kuiangalia baromita, maana wengi hawaikumbuki kabisa na jibu lako limelala hapohapo. Mimi naona themometa yako ni nzima. Kimiminika kinachemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa inayokikandamiza kwa juu, sasa hiyo 110.6 ni ya kilopaskali 101.3, yaani usawa wa bahari, wewe huko juu hewa yako ni nyepesi kwa hiyo toluini inachemka mapema, na kwa kilopaskali 85 inatakiwa ichemke kwenye 104 na nusu hivi. Mbili zako za kwanza ziko sawa tu. Bosi akibisha mchemshie maji safi kwa themometa hiyohiyo, yatachemka kwenye 95 na atajionea mwenyewe.

Hiyo 108 ndiyo mbaya, na umeshajitajia sababu, haraka. Njia ya kapilari inaitwa Siwoloboff na ni nzuri sana kama una sampuli kidogo ila inataka utulivu. Mwanzoni pasha mafuta kwa nyuzi 3 hivi kwa dakika huku unakoroga, ukibakiza kama nyuzi 10 kufika pale unapotegemea, punguza moto joto lipande chini ya nyuzi 1 kwa dakika. Angalia mdomo wa kapilari kule chini, vitatoka vipovu kimoja kimoja halafu vitaanza kufululiza kama uzi wa shanga, na hapo ndipo watu wanakimbilia kusoma namba, kumbe bado! Acha mafuta yapoe kidogo tu, vipovu vitapungua, vitakatika, na ghafla utaona kimiminika kinapanda ndani ya kapilari. Soma themometa sekunde hiyohiyo. Ukisoma vipovu vikiwa vinafululiza na moto uko juu, unasoma joto la mafuta yaliyotangulia mbele, sio la toluini. Kila ukirudia weka kapilari mpya na sampuli mpya.

Sasa uandike nini. Andika 104.4, ambayo ni wastani wa zile mbili, na pembeni andika kwa kilopaskali 85, na jina la njia. Ile 108 iache kwenye daftari na maelezo yake, usiifute. Kuna fomula ya Sidney Young ya kusahihisha namba iende kwenye presha ya kawaida na utaikuta kwenye mwongozo wa upimaji namba 103 wa OECD, lile shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, lakini tahadhari, inakubalika kama tofauti ya presha haizidi kilopaskali 5 na wewe uko na tofauti ya 16, kwa hiyo usiilazimishe. Ukitaka namba ya usawa wa bahari tumia kifaa kinachoruhusu kurekebisha presha ndani yake.

Na kuhusu kunakili kitabuni, kwa kemikali inayojulikana kama toluini sio dhambi, mradi useme umeitoa wapi na ni kwa presha gani. Ila kitabu kinazungumzia toluini safi, hakijui kilichomo ndani ya pipa lako. Kipimo chako ndicho kitakuambia kama kuna mtu kachanganya kitu humo, na mimi kwa hilo siwezi kukubaliana na bosi wako hata kidogo.

SWALI: Mimi nauliza, kama toluini inachemka nyuzi 110 si ina maana chini ya hapo haina shida, hata nikiiacha wazi mezani?

JIBU: Hapana jamani, hapana! Hili linatisha kwa sababu watu wengi wanaliamini. Mvuke hausubiri kuchemka. Toluini inatoa mvuke wa kutosha kudaka moto kwenye nyuzi 4 tu, yaani chumbani kwako tayari, na mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa unatambaa sakafuni kutafuta cheche. Asetoni inachemka 56 lakini inaweza kudaka moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Ndiyo maana mfumo wa kimataifa wa kupanga kemikali, ule wa GHS, unatazama vyote viwili, joto la kudaka moto na joto la kuchemka. Ikidaka moto chini ya nyuzi 23 na ikaanza kuchemka kwenye 35 au chini yake, inaingia daraja la 1 ambalo ndilo baya zaidi, ikichemka juu ya 35 inakuwa daraja la 2. Etha ya maabara inachemka 34.6. Umeona ilivyo karibu na mstari? Kipimo kikikosewa kwa nyuzi 1 tu, lebo inabadilika na watu wanaipunguzia tahadhari.

SWALI: Yangu ni unga, ukishayeyuka unakuwa kahawia na kutoa moshi kabla ya kuchemka. Niongeze moto?

JIBU: Zima. Hiyo haichemki, inavunjika, na gesi zinazotoka huwezi kujua ni zipi, na kama chombo kimezibwa kinaweza kupasuka. Andika "inavunjika kabla ya kuchemka" na joto ulipoona rangi inaanza kugeuka, hilo ni jibu kamili linalokubalika, hata kanuni za kemikali za Ulaya, zile za REACH, hazikudai kiwango cha mchemko kwa kitu cha namna hiyo. Ukiweza jaribu kwa presha ya chini ambapo kitachemka kwa joto dogo, au mpe mwenye mashine ya DSC, ile inayopima joto ambalo sampuli inafyonza au kutoa ikipashwa, inatumia miligramu chache tu. Na fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa, kioo kikiwa kimeshushwa.