Nani anatusemea huko juu?

SWALI: Mhariri habari, mi nipo kiwandani mwaka wa tisa sasa, kila saa nasikia redioni eti "wawakilishi wa wafanyakazi" wamekaa kikao Geneva, mara Paris, wamekubaliana hiki na kile. Sijawahi kumpigia kura hata mmoja wao. Wanamsemea nani hasa, na kuna anayewasikiliza?

JIBU: Ndugu yangu, hapo kuna vikao viwili tofauti, na sio kosa lako, hata watangazaji wanavichanganya.

Geneva ni Shirika la Kazi Duniani, ILO, lipo tangu 1919, na pale mfanyakazi ana kura kamili. Kwenye mkutano mkuu kila nchi ina wajumbe wanne, wawili wa serikali, mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanyakazi, na kila mmoja anapiga kura yake, yaani huyo wenu anaweza kusema hapana huku serikali hiyohiyo iliyomlipia nauli inasema ndiyo, na kura yake inahesabiwa hivyohivyo. Mkataba ukitaka kupita lazima upate theluthi mbili. Ule Namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, 2011, ulipitia hapo.

Paris ni habari nyingine. Huko kuna OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la serikali ambazo nyingi ni za nchi tajiri, na vyama vya wafanyakazi vina kamati yao ya ushauri inaitwa TUAC, ya tangu 1948, wanaandika maoni, wanakaa na maofisa, wanabishana weee, halafu ikifika kuamua wanaamua wenye serikali. Waajiri nao wana kamati yao ya hivyohivyo. Ila mi siwadharau, maana mwongozo wa OECD kwa makampuni ya kimataifa unaruhusu chama kupeleka malalamiko kampuni ikizingua, pande mbili zinaitwa mezani, japo hakuna rungu la kumlazimisha anayegoma kuja.

Sasa nani kamchagua? Wa Geneva anateuliwa na serikali, lakini inatakiwa ikubaliane na chama au vyama vinavyowakilisha wafanyakazi wengi zaidi, ikileta mtu wake wa mfukoni kuna kamati ya kukagua hati za wajumbe, analalamikiwa pale. Kwahiyo kura yako kama ilipigwa basi ilipigwa siku ya uchaguzi wa tawi hapo kiwandani, maana tawi ndio linazaa chama, chama kinazaa shirikisho, shirikisho ndio linapeleka jina. Kama hauna chama basi kweli hakuna aliyekuuliza.

Mfuate katibu wa tawi lenu umuulize mjumbe wa mwaka huu ni nani. Akianza kujikuna kichwa niandikie tena.